Nilivyomshtaki Mlinzi kwa Wizi wa Oili

Miaka ile ya uhaba, oili ya injini ilipatikana kwa kibali, na mimi ndiye niliyetunza gari la idara yetu hapa Bunda. Kila asubuhi nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikapima, nikaandika daftarini. Kila asubuhi oili ilikuwa imepungua. Usiku gari lililindwa na mzee Marwa peke yake. Nikajiona mpelelezi, nikampelekea bosi daftari na jina la mwizi.

Wakati ule kuitwa mhujumu uchumi kulitosha kumfunga mtu. Mimi na bosi tulikwenda kwa mzee Marwa, Kabasa, kwa gari hilohilo, na mgambo, pamoja na fundi Saidi wa kuitambua oili. Tulipekua nyumba mbele ya wajukuu wake, tukamwaga hata kibuyu cha samli. Hatukupata kitu.

"Ameshauza," nikasema, nikawasha gari turudi.

Fundi alikuwa nyuma ya gari, akipunga moshi wa bluu usoni. "Huu umeanza lini?"

"Mwezi uliopita. Mafuta mabaya tu."

"Injini yako inakunywa oili, bwana. Inaichoma ukiendesha mchana. Jioni ulikuwa unapimaga?"

Bosi alinyoosha mkono, nikampa daftari. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa, asione jioni hata moja.

Mzee Marwa alikuwa amepiga magoti, akizoa samli kwa kijiko.

"Mwanangu," akasema bila kuniangalia, "hawa watoto umewaambia babu yao ni mwizi. Haya, waambie na hilo la injini."