Mtoto wa Mdogo Wangu Anaitaka .com Yangu

Mwenye ukurasa, pokea salamu kutoka Chekereni, na jina langu tafadhali lifiche, maana huku kwetu akijulikana mmoja tumejulikana ukoo mzima. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili. Kazi yangu ni kuchora vibao vya maduka, ingawa siku hizi wengi wanachapisha kwa kompyuta. Kama umewahi kupita Moshi mjini ukaona kibao cha kinyozi, mteja ana sikio moja kubwa kuliko lingine, huyo ni wangu, nisamehe. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, binti yetu ameolewa Mwanza, nami nimebaki na jaruba langu la mpunga na redio. Redio huwa naijibu. Yenyewe haijawahi kunijibu.

Kwetu hasa ni Uru, mlimani. Tulizaliwa wavulana watatu, mimi wa katikati. Wachagga wenzangu mmeshajua kisa kinakoelekea. Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya babu zetu, baba alikigawa kama ilivyo desturi: kaka akapewa sehemu ya juu, mdogo wetu akaachiwa nyumba na kilichoizunguka. Mimi akanitazama, akasema, "Wewe una mikono. Utashuka, utapata pengine." Nikacheka, maana mimi ni mtu wa kucheka, nikashuka huku Chekereni, tambarare. Sina kinyongo. Ila kila Desemba watu wanapopanda kwenda kwao, mimi naambiwa "karibu kwetu" pale pale nilipozaliwa.

Tangu mke wangu aondoke nimekuwa nikichora kihamba kile kama kilivyokuwa: mgomba wa mama nyuma ya jiko, mfereji, na ile kahawa ambayo mdogo wangu ameshaing'oa akajenga vyumba vya wageni. Picha zimefika sabini na kitu. Zote nimezizungushia masale ukingoni, yale majani marefu tunayopanda mpakani, maana kihamba bila masale mpaka wake haujulikani. Nikawaza, wapo wengi walioshuka kama mimi, wengine wako Ulaya huko, nani atakuja kuziona chini ya kitanda changu? Ndipo nikaenda intaneti kafe mjini, kwa dada mmoja nitakayemwita Aneth, azipitishe kwenye skana na kunitengenezea tovuti.

"Shikamoo mzee. Tovuti tuipe jina gani?"

Nikamtajia jina la ukoo wetu.

"Na baada ya nukta tuweke nini?"

Nikauliza, kwani ni lazima? Akanieleza taratibu: .com inajulikana dunia nzima, .co.tz inaonyesha wewe ni wa Tanzania, .org inapendwa na mashirika na makanisa, .info ni ya habari, na ipo hata .name ya mtu binafsi. Nikashika kidevu nusu saa nzima.

"Mzee, mbona kama unachagua mchumba?"

Nilitaka .co.tz, kwa sababu mimi ni wa hapahapa. Akaangalia, akasema imeshachukuliwa. Na nani? Na kampuni ya kaka yangu iliyoko Dar. Sikuwa najua hata kama ana tovuti. Basi, nikasema, iwe .com. Aneth akaniambia nirudi Jumatatu tuisajili.

Kosa langu ni kwamba Jumapili nilimwambia mtoto wa mdogo wangu. Huyu ni mwongoza watalii, na ndiye pekee katika ukoo anayenitembelea. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anashuka na ndizi kutoka kihambani, napika mtori, tunakula huku akinichokoza. "Baba mkubwa, huu ni mtori au ni ile rangi ya vibao?" Siku hiyo nilipotaja .com akaweka kijiko chini.

"Baba mkubwa, hata mimi naitafuta hiyohiyo. Wageni wakitutafuta wanaandika jina letu, halafu .com. Kingine hawakijui."

"Si utumie jina lingine?"

"Jina ndilo lipo kwenye kibao getini." Kibao hicho cha vyumba vyao vya wageni nilikichora mimi, tena kwa bidii. "Picha zako si zinaweza kukaa hata kwenye .info? Lakini siichukui mpaka wewe useme ndiyo. Wewe ni baba yangu."

Angekuwa jeuri ningejua la kumjibu. Ameniomba kwa heshima zote.

Nikampigia kaka kumwomba ushauri. Akacheka. "Na wewe tena! Mwachie mtoto, ana maisha mbele yake. Wewe una mikono, utapata pengine." Sijui kama alikumbuka maneno hayo ni ya nani. Simu ilipokatika nikajaribu kucheka kama kawaida yangu. Kicheko hakikuja.

Jumatatu ile sikwenda kwa Aneth. Na kijana hajashuka sasa Jumapili ya tatu. Labda ni msimu wa wageni, labda ananipa nafasi ya kufikiri, sijui. Ndizi nanunua sokoni, na bado namenya za watu wawili.

Nikimwachia, najua atarudi, atausema vibaya mtori wangu, nami nitakuwa nimeteremshwa mara ya pili, tena safari hii mahali ambapo hata mlima hakuna. Na kama anavyosema yeye kingine hawakijui, picha zangu nazo nani atazifikia? Nikikataa, nitakuwa na kihamba changu mwenyewe, masale pande zote, na asiwepo wa kuniambia hodi.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyie mliozaliwa katikati, nishaurini. Aneth anasema jina bado liko wazi, lakini mtu yeyote anaweza kulichukua. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Akiniuliza tena baada ya nukta tuweke nini, nimjibuje?