Chumvi Niliyompelekea Dada

Kwa miaka sita nilipuliza madini joto kwenye mashamba ya chumvi, huku pwani ya Kilwa. Serikali ilituletea dawa na bomba la mgongoni, kama lile la kupulizia mikorosho, na mtaalamu akatufundisha siku moja: chumvi itandazwe, ipulizwe, igeuzwe, ipulizwe tena. Ukikosa madini hayo shingo huota rovu, na mtoto aliye tumboni anaweza kudumaa akili. Nilikariri vizuri. Nilijiona nusu daktari.

Dada yangu aliolewa Miteja, kwa wakulima. Alikuwa na rovu, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Aliposhika ya tatu, muuguzi alimwambia ale chumvi yenye madini joto. Hilo nikalifanya langu. Kila mwezi nilifunga mfuko wa chumvi niliyoipuliza mwenyewe, nikaupeleka hadi Nangurukuru na kumkabidhi kondakta wa basi.

Mimba ilipofika mwezi wa saba nilikwenda kumtazama. Nilimkuta uani na beseni mbele yake, anaosha chumvi yangu. Aliikosha upesi upesi, akamwaga maji, akaitandaza kwenye ungo ikauke.

"Shikamoo dada. Unaiosha kila mara?"

"Marahaba. Ina mchanga, mdogo wangu, na nyinyi mnaikanyaga. Au umesahau mama alivyotulea?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu chumvi ya mawe isiyooshwa ni aibu ya mwenye jiko. Hata mimi niliosha ya kwangu vivyo hivyo, nikitoka kuipuliza. Dawa hukaa juu ya chembe, na maji ya kwanza huondoka nayo. Mtaalamu hakutuuliza tunaifanyaje chumvi jikoni, nasi hatukuona kama ni jambo la kumwambia mgeni.

Nikamweleza. Niliona aibu. Alitazama pale alipomwaga maji, akauliza, "Tangu mfuko wa kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Hakuiosha tena. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Sasa ana miaka minne. Anatembea, anacheka, ila maneno yake hayajafika kumi. Hospitali wanasema sababu zinaweza kuwa nyingi. Dada husema ni mipango ya Mungu, na hunikaribisha kama zamani. Lakini kila nikifika huniwekea mtoto mapajani, kisha huketi akinitazama ninavyomfundisha kusema mama.