Mama Mkwe Alipotufuata Kambini

Katika ukoo wa mume wangu hakuna aliyewahi kulala nje ya nyumba kwa kupenda. Waliolala nje walikuwa wamelewa, wamefukuzwa, au wako matangani. Kwa hiyo mume wangu alipotangaza, likizo ya Juni, kwamba mimi na yeye tutakwenda kukaa siku nne ndani ya hema, kwenye msitu wa serikali kando ya ziwa, mama yake aliweka jembe chini.

"Mmegombana na nani?"

"Hatujagombana na mtu, Mae," alisema mume wangu. Sote wawili tulimwita Mae, jina letu Wahaya la kumwitia mama. "Tunakwenda kupumzika."

"Kupumzika? Mmefanya nini?"

Tulikuwa walimu wa shule ya msingi huko Izigo, vijana bado, tuna miaka mitatu ya ndoa. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Asubuhi tulifundisha, mchana tulikuwa na watoto kwenye shamba la shule, jioni tulifundisha kisomo cha watu wazima, na Jumamosi tulibeba mawe ya kujengea zahanati. Sisemi hivi kwa kulalamika; tuliipenda kazi ile, tukaamini kabisa kwamba nchi inajengwa kwa mikono yetu. Lakini tulichoka. Na neno kupumzika halikuwa na heshima siku hizo.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye alifika kuuliza.

"Mwalimu, huko msituni mnakwenda kwa kazi gani?"

"Hakuna kazi. Tunakwenda kukaa tu."

"Chama kina habari?"

Mume wangu alimweleza kwa upole kwamba kambi ile imetengenezwa na serikali yenyewe kwa ajili ya wananchi. Balozi alifikiri, akakuna kidevu. "Basi," alisema, "mkirudi mtatoa taarifa."

Hema tuliliazima shuleni. Lilikuwa la turubai zito la kijani, lililoachwa na wapima ardhi, likinuka ukungu na mafuta ya taa. Tulishuka nalo mteremko tukipokezana, tukapita migomba ya watu, kisha nyasi za rweya, ile mbuga tupu inayotenganisha vijiji vyetu, mpaka tukaingia kwenye misonobari. Kambi yenyewe ilikuwa uwanja mdogo uliofyekwa karibu na maji, jiko la mawe, na magogo mawili ya kukalia. Mlinzi wa msitu, mtu wa Ijumbi mwenye koti la kaki, alitupokea kwa mshangao. Alisema ameilinda kambi tangu mwaka uliopita, na sisi ndio wageni wa kwanza.

Siku ya kwanza sikumbuki tulifanya nini. Nadhani tulilala. Upepo ukivuma juu ya misonobari ulitoa sauti ambayo sijaisikia kwenye mgomba wala mti mwingine wowote, sauti ya mtu anayevuta pumzi ndefu na kusahau kuitoa.

Siku ya pili, jua likiwa limeanza kuteremka, nilimwona mama mkwe wangu akitokea kwenye njia ya msituni. Alikuwa na kikapu kichwani, panga mkononi, rozari shingoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, akiuliza njia kwa kila aliyekutana naye.

"Nimekuja kuwachukua," alisema, kabla hata hatujamwamkia.

Ndani ya kikapu mlikuwa na ndizi za kupika, chumvi, maharage, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Mtu anayekuja kuchukua watu arudi nao hachukui chakula cha siku tatu. Mume wangu aliona, nami niliona, lakini hakuna aliyesema. Tulimwambia jua limekwenda, tutaondoka kesho. Akakubali haraka kidogo kuliko nilivyotarajia.

Jioni ile mwanawe alipika ugali na dagaa, kama alivyozoea chuoni. Mama alikipokea chakula, akakitazama.

"Mwanangu, ndizi zimeisha duniani?"

"Kesho nitapika ndizi, Mae."

"Utazipika wewe?"

"Nitazimenya na kuzipika."

Alinigeukia mimi. "Nawe mukamwana, mke wa mwanangu, unakubali?" Niliinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba nilikubali kabisa.

Alilala na mimi hemani, mume wangu akaenda kulala kwenye kibanda cha mlinzi. Asubuhi niliamshwa na mkwaruzo nje. Mama alikuwa amekata matawi, ametengeneza ufagio, na alikuwa anafagia majani makavu ya misonobari. Alikuwa ameshasafisha kuzunguka hema na sasa alikuwa anaelekea msituni. Nyuma yake majani mengine yalikuwa yanadondoka taratibu pale alipokwisha kufagia.

Mlinzi alimsogelea kwa heshima, kofia mkononi. "Mama, huku hakufagiliwi."

"Kwa nini?"

"Ni msitu, mama."

Alisimama na ufagio wake, akatazama ile miti yote, safu baada ya safu. Kisha alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko cha msichana, mpaka akashika goti. Alimpa mlinzi kahawa ya kutafuna, wakakaa kwenye gogo wakizungumza habari za Ijumbi.

Mume wangu alimenya ndizi, na vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Mama yake aligeuza uso akatazama ziwani, kama mtu aliyemfuma mkwewe akioga. Lakini zilipoiva alikula, akaongezewa, akala tena. Hakuna aliyetaja kuondoka.

Baada ya kula alitafuta kitu cha kufanya. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Kuni zilikuwepo. Hapakuwa na migomba ya kupogoa, wala kahawa ya kuanika, wala mbuzi. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefumbuka, na nadhani ilimshangaza yeye mwenyewe. Muda si mrefu alilala palepale chini ya msonobari, kitenge usoni. Mume wangu alikuja kusimama karibu yangu.

"Sijawahi kumwona amelala mchana," alisema kwa sauti ndogo. "Hata alipokuwa na homa."

Alipoamka aliniomba nimsindikize majini. Tulifika kwenye miamba bapa, akasimama.

"Unajua, tangu nizaliwe naliona ziwa hili kila siku. Nikichimba naliona. Nikianika kahawa naliona. Sijawahi kuligusa."

"Hata mara moja, Mae?"

"Ningekuja kwa shughuli gani? Maji ya kupika yako kisimani. Samaki wanaletwa mlangoni."

Alivua ndala, akakunja kitenge, akaingia taratibu akinishika mkono. Mshiko wake ulikuwa wa mkulima, mgumu, wa kuumiza. Maji yalipomfika magotini alisimama. Niliona midomo yake inatikisika nikadhani anasali, na labda alikuwa anasali. Kisha aliniuliza bila kunitazama, "Mwanangu ni mwema kwako?"

"Ni mwema, Mae."

"Baba yake hakuwa mbaya. Ila hatukuwahi kukaa mahali tukatazamana, mimi na yeye. Kila siku kulikuwa na kitu cha kufanya. Alipokufa nikagundua sijui alipenda nini."

Nilimshika mkono kwa nguvu zaidi. Tulisimama majini mpaka miguu ikafa ganzi, kisha tukatoka, akakaa kwenye mwamba kuikausha juani kama anavyokausha kahawa, akiigeuza.

Alikaa nasi mpaka siku ya mwisho. Yeye ndiye aliyechelewa kufungasha. Njiani mteremko ulipogeuka kuwa mlima alitutangulia, kikapu kitupu kichwani, na kijijini balozi alipotokea kuuliza taarifa, yeye ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunalinda msitu wa serikali," alisema. "Upo salama." Balozi aliridhika.

Tulikwenda naye tena mwaka uliofuata. Mwaka wa tatu tulihamishiwa shule ya Kaagya, na hema likawa limechanika vibaya, na sukari na sabuni zilianza kuwa shida, na kila mtu alikuwa na mambo yake. Tulisema tutakwenda likizo ijayo. Tulisema hivyo likizo nyingi. Mama alizeeka kwa ghafla, nyonga ikamwuma, na mteremko ule haukuwezekana tena kwake. Nilipokwenda kumwona nilimkuta mara kwa mara ameketi barazani, mikono mapajani, na wanawake waliopita walimsalimia wakimwuliza kama anaumwa. Aliwaambia haumwi, amekaa tu.

Alifariki mwezi wa Juni, wakati kahawa zinaiva. Mume wangu alimlilia kwa muda mrefu, kimya kimya, kama wanaume wa kwetu wanavyolia. Siku ya arobaini baada ya mazishi aliniambia twende ziwani, sisi wawili. Hatukuwa na hema. Tulichukua ndizi, chumvi na sufuria, tukashuka.