Jua na Mwezi wa Valliammai

Valliammai alikuwa na mdomo, hilo hata wasiompenda walikubali. Miaka kumi na minane aliketi nje ya lango la kusini la hekalu kubwa la Madurai akitunga asumini, akiipima kwa mkono wake mwenyewe kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila mwongoza watalii aliyepita na kundi lake akitia chumvi, yeye alimsahihisha papo hapo, tena kwa sauti.

"Kaka, nguzo si elfu moja! Ni mia tisa na themanini na tano. Kama huamini kahesabu!"

Watalii walicheka, mwongozaji akanuna, na Valli akaendelea kutunga maua bila hata kuinua macho.

Kuna jambo moja ambalo watu hawakuligusa mbele yake. Nywele zake zilikuwa tupu. Mwaka wa tisa sasa tangu Ponnusami mumewe afariki, hajachomeka hata ua moja kichwani, maana mjane haruhusiwi. Maua aliyotunga yangetosha kuuzunguka mji wote. Aliyakata, akayafunga kwenye jani la mgomba, akawakabidhi wake za watu wakayavae. Jioni mikono ilimnukia asumini hata wali aliokula nao ukanukia. Akienda kulala anajipapasa kichwa, hamna kitu, anageukia ukutani.

Basi Muthupandi, mwenye mabasi ya utalii matatu, alikuwa akinunua kwake shada la maua kila Ijumaa la kutundika mbele ya basi. Ijumaa moja ya Chittirai, mwezi wa joto, akaja uso umemsawajika. Mwongozaji wake alikuwa ameacha kazi, na safari kubwa ya mwaka ilibakiza siku tatu tu: siku nane za mahekalu, milima na pwani, na siku ya nane ni mwezi mpevu kule Kanyakumari, ncha ya nchi, ambako jioni hiyo jua huzama upande mmoja na mwezi ukachomoza upande wa pili kwa wakati mmoja. Siku nyingine utaona moja, hutaona vyote viwili.

"Dada Valli, mdomo unao," alisema. "Hebu niongozee safari hii."

"Na maua yangu? Siku hiyo ya mwezi mpevu mji mzima uko mtoni kumpokea mungu Alagar. Ndiyo siku yangu ya kuuza kuliko zote!"

"Sikiliza. Karatasi zimeshachapishwa: jua na mwezi pamoja. Watu thelathini na wanane wakiona, basi langu la safari ni lako kuliongoza mwaka mzima. Wasipoona, unarudi hapa langoni, na nisikusikie tena ukiwasahihisha watu wangu."

Valli aliweka uzi chini. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiitaka kazi ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Nakwenda," akasema.

Habari zikafika kwenye banda la chai wanakokaa waongozaji. Weee, walicheka mpaka chai ikawapalia. "Mjane mbele ya basi, mkosi mtupu! Litavuka hata daraja moja?" Valli aliyasikia yote, maana walihakikisha anasikia.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni mwa basi na sari yake ya kijani iliyopigwa pasi. Wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu Sabapathi, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mkavu, daftari mkononi na kalamu sikioni. Nyuma yake mkewe, Rajammal, mama mnene wa magoti mabovu, maua kichwani. Mwalimu alimtazama Valli nywele, kisha akageuka kumsemesha dereva, Irulappan, kana kwamba Valli ni kigingi.

"Safari ya heri hii, na mtu wa kwanza kumwona ni mjane?"

Irulappan akajifanya anafuta kioo. Rajammal akainamisha uso. Mwalimu akafungua daftari, akaandika, akatangaza: "Lalamiko la kwanza. Tukirudi namkabidhi Muthupandi."

Lilimchoma Valli, tena lilimchoma hasa, mbele za watu. Akamgeukia. "Mwalimu, mimi nakaa mbele naangalia barabara. Utakachoona ni kisogo changu tu. Karibu, chagua kiti."

Basi zima likacheka, na safari ikaanza.

Siku saba zile Valli aliwapeleka kila pahala. Aliwaonyesha nguzo zinazolia ukizigonga, akawapandisha kwenye mashamba ya chai yenye ukungu, akawanyamazisha wote thelathini na wanane msituni mpaka ndovu na mwanawe wakavuka barabara. Mwalimu naye kazi yake ilikuwa kuandika. Maporomoko ya Kutralam hayana maji: lalamiko la tisa. "Mwalimu, huu ni mwezi wa joto, maji yanakuja na mvua za Juni. Unataka nikayamwage mimi kwa ndoo?" Mwongozaji ana majibu: lalamiko la kumi.

Kwenye mashamba ya chai Rajammal alimsogelea Valli. "Usimjali mume wangu, mwanangu, ndivyo alivyo. Miaka arobaini na moja namwomba anipeleke nikaone jua na mwezi. Kila mwaka ananiambia mwakani. Safari hii nilimwambia nitakwenda peke yangu, ndipo akakata tiketi. Magoti haya, mwanangu, hayana mwakani tena."

Valli naye akamsimulia habari za Ponnusami, za ndoo yake ya maua langoni na za sharti la Muthupandi. Tangu siku hiyo akawa na deni la moyoni kwa yule mama, mbali na ahadi ya Muthupandi.

Ikafika siku ya nane, mjini Tirunelveli. Hekalu la pale ni mawili yaliyounganishwa kwa ukumbi mrefu, la mungu na la mkewe, kila moja na lango lake. Valli aliwakusanya nje. "Jamani, viatu vyote kwa yule mzee pale, na tunatokea lango tuliloingilia. Saa saba wanafunga mpaka saa kumi, na barabara saa hizo inachoma kama kikaango!"

Mwalimu akasema yeye viatu vyake ni vipya, mwanawe kamletea kutoka Chennai, haviweki na vya watu. Akavificha anakojua mwenyewe. Humo ndani akapitia ukumbi mrefu akisoma maandishi ya ukutani, akatokea lango la mke. Huku nyuma milango ikafungwa, na viatu vyake vikabaki ndani.

Walimtafuta saa nzima na nusu! Irulappan alikwenda huku, Valli huku, sari kaipandisha, jasho linamtiririka. Rajammal analia kwenye basi. Mwishowe Valli akamkuta kwenye duka la haluwa, nyayo ameziweka juu ya gunia lililoloweshwa maji, anakula haluwa kwenye jani.

"Umechelewa sana," Mwalimu akamwambia. "Mwongozaji anapoteza watu: lalamiko la kumi na saba."

Valli alitaka kumpa vidonge vyake. Alimtazama vile vidole vyekundu kama nyanya, akavua ndara zake mwenyewe, akamsukumia. "Vaa. Tunaondoka."

Walikula wali wa mpishi wa basi harakaharaka, saa tisa na robo Irulappan akakanyaga mafuta. Mitambo ya upepo ikawapita, kisha wakaingia Thovalai, soko la maua, na harufu ya asumini ikajaa basi. Valli alisimamisha dakika moja tu, akanunua uzi mrefu dirishani, akawakatia akina mama wote, mkono mmoja mmoja. Yeye hakujikatia.

Saa kumi na moja na robo, mwendo ukaisha. Mbele magari, nyuma magari, nusu ya nchi imekuja kuuona mwezi. Irulappan alishuka, akapanda juu ya jiwe, akarudi akitikisa kichwa.

"Dada, kilomita saba hizi hatufiki kabla ya saa mbili."

Akilini Valli aliwaona wale wanaume wa banda la chai wakicheka. Aliiona ndoo yake ya maua pale langoni. Kisha akamwona Rajammal kwenye kioo, ameishika karatasi ya safari kwa mikono miwili, na hapo akageuza shingo kutazama nje. Upande wa kulia, juu ya minazi, kilisimama kilima anachokijua mawe yake yote.

"Shukeni!" akapaza sauti. "Wote! Irulappan, lete kiti cha mpishi!"

"Tunakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kilima cha Dawa."

"Nililipia bahari, mama. Unanipa mlima?"

"Mwalimu, nilizaliwa Thovalai, hapo ulipopiga chafya kwa asumini. Hiki nimekipanda na bibi yangu kuchuma majani ya dawa kabla sijaota meno makubwa. Katikati kuna kihekalu. Ukisimama pale bahari iko pande zote mbili, jua kuume, mwezi kushoto, na hakuna kisogo cha mtu mbele yako. Au kaa hapa uhesabu malori. Mimi nakwenda na wanaotaka kuona."

Watu walitazamana. Rajammal akawa wa kwanza kushuka, akishuka kwa makalio ngazi kwa ngazi. "Hata kwa magoti nitapanda," akasema.

"Kwa magoti hayo?" mumewe akaropoka.

"Ndiyo, haya haya! Miaka arobaini na moja, Sabapathi! Leo nyamaza."

Hakuna aliyewahi kusikia jina la Mwalimu likiitwa kavu hivyo. Akanyamaza kweli.

Wakapanda. Ngazi za mawe zilikuwa na moto wa mchana bado. Valli mbele, peku, anawaita kama anayeuza: "Haya wamama, haya wazee, bado kidogo, msitazame chini, tazameni sari yangu!" Rajammal alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, Irulappan mguu mmoja na abiria mmoja, kijana wa benki, mguu wa pili. Nusu ya njia kijana wa benki akaishiwa pumzi, akaketi. Irulappan akatazama huku na huku. Mwalimu Sabapathi akaingiza daftari kifuani, akakunja mikono ya shati, akashika kiti.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini walifika kihekaluni, wanahema. Kuume jua lilikuwa limeshuka, jekundu, linakaribia maji. Wote wakageuka kushoto.

Mawingu tu! Ukanda mzima wa mawingu umelala juu ya bahari.

"Mwezi uko wapi?" akauliza Mwalimu. Safari hii hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

Mdomo wote ule wa Valli ulikauka. Jua likagusa maji, likazama robo, likazama nusu, na yeye macho hayabanduki kwenye yale mawingu, anaomba kimya, roho iko mkononi.

"Ule!" Rajammal akapiga kelele. "Ule pale, juu ya wingu! Nauona!"

Ulikuwa hafifu, rangi ya waridi iliyopauka, mkubwa, mzima, umetoa kichwa juu ya mawingu. Na kuume kipande cha jua bado kipo! Watu wakawa wanageuza shingo huku na kule kama wanaotazama mchezo wa mpira. Wengine walipiga makofi, wengine walikutanisha viganja kusali, kijana wa benki alilia bila aibu. Rajammal alisimama kutoka kwenye kiti, akanyoosha mkono mmoja kuume na mwingine kushoto, akacheka kama msichana. Mwalimu alisimama ubavuni mwake akimshika asianguke.

Simu ya Valli ikalia. Muthupandi, anafoka. "Nimeambiwa barabara imefunga! Mabasi mengine yote yameona matairi ya malori! Mko wapi ninyi?"

Rajammal aliipokonya simu. "Bwana, sisi tumeona vyote viwili, tena tumekaa kitini. Huyu mwanamke ukimrudisha kwenye ndoo, tiketi zako utakata mwenyewe na utapanda peke yako. Sikia watu!" Akainua simu juu, na watu thelathini na saba wakapiga yowe.

Simu iliporudi sikioni mwa Valli, Muthupandi alikuwa amelainika. "Dada, Jumatano kuna safari nyingine. Usichelewe."

"Mimi huwa sichelewi," Valli akasema, akaketi kwenye ngazi.

Rajammal alimwinamia. Alichomoa uzi wa asumini kichwani mwake, akaukata katikati kwa meno.

"Inama," akasema.

Valli akarudi nyuma. "Mama, mimi mjane."

"Najua. Lakini maua ulipewa na Ponnusami? Umezaliwa kwenye maua, hapo chini, kabla hujamjua mwanamume yeyote. Inama, mwanangu, nimechoka kusimama."

Akina mama wote walikuwa wanatazama. Mwalimu akafungua mdomo.

"Wewe toa daftari," Rajammal akamwambia bila kugeuka. "Lile la kwanza, lifute."

Mwalimu alitoa daftari. Alifungua ukurasa wa kwanza, akausoma muda mrefu kidogo, kisha akapiga mstari, akaenda wa pili, akapiga mstari, mpaka akamaliza yote kumi na saba.

Valli akainama. Vidole vya Rajammal vilipita kwenye nywele zake, na uzi ukakaa. Miaka tisa! Alipeleka mkono taratibu, akaugusa, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na akina mama nao wakalia.

Kisha akafuta uso kwa ncha ya sari, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Haya! Giza linaingia! Kila mtu ashuke na viatu vyake, na Mwalimu anirudishie ndara zangu!"

Kicheko kikateremka nao kilimani. Valli alitangulia, peku vilevile, maana Mwalimu nyayo zilikuwa zimevimba na akamwachia. Naye Mwalimu Sabapathi alimfuata nyuma na kiti cha mpishi kichwani, akitazama ile asumini njia nzima ili asikosee ngazi.