Siku Mama Aliposimulia Kifo cha Baba

Juzi kwenye runinga nilimwona mjane mmoja wa eneo la Mata akisimulia katika mkutano wa kampeni jinsi ndovu alivyomuua mumewe. Nikakumbuka alasiri moja Voi nilipokuwa mtoto, uwanja ukinuka vumbi na jasho, mama akisimulia kifo cha baba, naye pia aliyeuawa na ndovu, mpaka sauti ikamkauka. Mgombea akamshika mkono.

"Mama huyu tutamrudishia haki yake! Tutajenga fensi ya kuzuia ndovu!"

Watu wakapiga makofi huku wakilia. Mimi nilidhani haki yake ni baba, nikamvuta leso.

"Mama, watamrudisha lini?"

"Nyamaza, mwanangu."

Yule mgombea alishinda. Fensi haikujengwa. Kila uchaguzi wagombea wapya humjia mama, naye huenda kusimulia. Nyumbani, nikimwuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, husema amesahau.