Alitoa Kidole Gumba Mbele ya Baba Yangu

Admin, nifichie jina, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nauza nguo za watoto sokoni Jericho na bado naishi kwa wazazi. Jioni huwa naigiza na kikundi cha mtaa kwenye ukumbi wa jamii. Hatulipwi, tunapenda tu.

Safari hii nilipewa nafasi ya mke aliyeachwa. Mume wangu mchezoni ni kijana nitakayemwita Brayo. Katikati ya mchezo kuna busu, na sisi tuna njia yetu ya siku zote: mwanamume anawapa watazamaji mgongo, anaweka kidole gumba juu ya midomo yako, halafu anabusu kidole chake. Aliyekaa kitini hawezi kujua. Tulifanya mazoezi hivyo wiki sita, na Brayo hakukosea hata mara moja.

Baba yangu ni mzee wa kanisa, amestaafu kazi ya reli. Hakutaka kabisa niigize. Nilimbembeleza, nikamwonyesha ile mbinu kwa kidole changu mwenyewe, nikamwapia kwamba hakuna mtu atakayenigusa. Akakubali kuja. Alivaa koti lake la Jumapili, akakaa kiti cha mbele.

Basi siku hiyo Brayo akatoa kidole. Akanigeuza upande ili kila mtu aone, akanishika shingo na kunibusu kwelikweli, wala hakuwa na haraka. Ukumbi mzima ukapiga mayowe na miluzi. Mimi niliganda. Nilipopata akili, Baba alikuwa anatoka mlangoni, kofia mkononi.

Nyuma ya pazia nilimuuliza Brayo kwa nini. Akacheka. "Manze, wacha ushamba. Hiyo ni acting. Si umeskia vile crowd imebamba, vile wamefurahia?" Director wetu, mama ninayemheshimu sana, naye akasema, "Show imeweza, msichana wangu. Hayo tuyaache."

Tangu siku hiyo Baba hasemi nami. Tukiwa mezani anamwambia Mama, "Mwambie huyo anisongezee chumvi." Huyo! Mimi niliyepewa jina la mama yake! Nalia nikiosha vyombo, halafu nikimkumbuka Brayo na kicheko chake machozi yanakauka kwa hasira.

Jumamosi ijayo tunarudia mchezo. Wananiambia eti sasa busu ni la kidole, yaishe. Brayo amealika wazazi wa mchumba wake, wamjue kabla ya mambo ya mahari. Mwisho wa mchezo anapiga magoti mbele yangu kuomba radhi, na maneno ya kufunga ni yangu. Nimepanga nisiyaseme. Nitamwacha pale chini, niwageukie wale wazee na kuwaeleza polepole habari ya kidole gumba. Nimeshajaribu mbele ya kioo, na sijawahi kufurahia mazoezi hivyo.

Kinachonisumbua ni wale wenzangu tisa ambao hawakunikosea, na jasho lao lote. Tena jana Mama ameninong'oneza kwamba Baba ameuliza kama kile kiti cha mbele kitakuwa wazi. Sijui anakuja kunipa nafasi nyingine au kuhakikisha alichokiona.

Nishaurini ndugu zangu, nimwaibishe au nimeze? Ila tafadhali msiniambie nimsamehe. Maneno yangu ya mwisho mchezoni ndiyo hayo, "Nimekusamehe, inuka," na kila nikijaribu kuyatamka naishia kwenye "Nimeku..."