Nguvu Iliyokuwa Ndani ya Alumini

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Doha, nilipokubali kuwaonyesha Wakenya wenzangu kwamba gari linaweza kutumia maji badala ya petroli. Laiti ningekataa. Nilikuwa dereva kijana, na fundi mmoja wa madirisha kule mtaa wa Abu Hamour alikuwa amenifundisha kutia mabaki ya alumini ndani ya maji yenye dawa kali ya kuzibua sinki. Maji yalichemka bila moto, yakatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Nikajiona mvumbuzi.

Tulikuwa tumekusanyika uani kwa chakula cha siku ya mapumziko. Nikainua chupa yenye mchanganyiko ule nikatangaza kwamba hiyo ndiyo nguvu ya maji.

Mwanangu, kati yetu alikuwapo mlinzi wa geti tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa nyumbani alifundisha kemia. Aliniuliza taratibu kama nilipima alumini kabla na baada ya maji kuchemka.

"Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, ndugu yangu," akasema. "Ni kama majivu. Kinacholiwa hapo ni alumini, na nguvu yake ilitiwa na umeme kiwandani. Alumini ikiisha, safari imeisha."

"Mwalimu, rudi ukalinde geti," nikamjibu. " Mambo ya magari tuachie sisi wenye leseni."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu, kisha akaniomba angalau nisiifunge ile chupa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi siku ile nilikuwa na upara. Nikakaza kifuniko mbele ya macho yake.

Gesi ikajaa, chupa ikapasuka, dawa ikanirukia usoni. Waliocheka walikimbia. Mwalimu alinivuta hadi bombani, akanishika kichwa, akaniosha macho bila kupumzika mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Hata hospitalini hakunikumbusha maneno yake. Alikuja na ndizi, akaketi. Sijaona tena elimu iliyobebwa kwa upole kiasi kile.

Leo mnatumiana video za magari ya maji. Ukionyeshwa kitu kitoacho nguvu, mwanangu, uliza ni nini kinachopungua, na nguvu iliingia humo lini. Vyaelea, vimeundwa. Na ajuaye msikilize, hata akiwa ndani ya sare ya mlinzi. Mungu akupe masikio kabla ya majuto, akuzungushie watu kama Mwalimu.

Yale maji ya bomba yaliniokolea jicho la kushoto. La kulia lilikufa, na udereva wangu ukaishia hapo.